Watu Elfu Moja Mia Nane Sitini na Nusu

Nilipopangiwa kufundisha jiografia na hesabu katika sekondari moja ya Ndandalo, wilayani Kyela, mama yangu kule Pangani aliniuliza swali moja tu: "Huko kuna nazi?" Nikamwambia sijui. Nilipofika nikakuta kuna michikichi, kuna kakao, kuna ndizi za kila umbo, kuna mchele ambao ukipikwa nyumba ya tatu harufu yake unaipata wewe, na kuna mvua. Nazi zilikuwa za kutafuta. Nikampigia simu nikamwambia zimejaa tele, ili moyo wake utulie.

Nilipanga vyumba viwili vya uani kwa mzee mmoja wa miaka sabini na minane na mkewe. Mzee alikuwa mtu asiyejua kulichukulia jambo kijuujuu. Ukimwambia leo kuna joto, atatoka nje alihakikishe kwanza. Mkewe, ambaye mimi na kijiji kizima tulimwita Bibi, alikuwa kinyume chake: kila kitu kilikuwa na upande wa kuchekesha, na aliutafuta mpaka akaupata. Asubuhi akinisalimu "Ugonile, Mwalimu," nami nikajibu "Ndaga" kwa lafudhi yangu ya Pwani, alikuwa anaweka ndoo chini kwanza ili acheke vizuri.

Siku ambayo mambo yalianza, nilikuwa nimekaa barazani jioni, nachora kwenye karatasi ya manila mchoro wa somo la kesho: idadi ya watu inavyopanda miaka hadi miaka. Mzee alikuwa anageuza kakao yake juani, punje kwa punje, kama mtu anayezifahamu zote. Akaja akasimama nyuma yangu.

"Huu mlima ni upi?" akauliza.

"Si mlima, Mzee. Ni watu. Hapa walikuwa wachache, hapa wakaongezeka, huku mbele ndiko wanakoelekea."

"Huku mbele umefika lini?"

"Sijafika. Tunapiga hesabu. Tukijua wameongezeka kwa kasi gani mpaka leo, tunakadiria watakuwa wangapi baadaye."

Akavuta kigoda akakaa. Nilimfahamu vya kutosha kujua kwamba Mzee akivuta kigoda, chakula cha jioni kitachelewa.

"Basi nipigie na mimi," akasema.

"Nikupigie nini?"

"Mimi na mama huyu tulianza wawili. Tupige tuone tunakoelekea."

Sasa mwalimu wa hesabu ukimwomba akupigie hesabu ni sawa na kumwomba mpiga ngoma akuonyeshe kidogo tu. Nikageuza karatasi upande wa pili. Nikamwomba anitajie watoto.

"Tisa," akasema Mzee.

"Kumi na mmoja," akasema Bibi kutoka jikoni.

Bibi akatoka akifuta mikono kwenye kanga, akakaa kwenye ukingo wa baraza. Akasema wawili walikufa wadogo, mmoja kabla hajaanza kutembea na mwingine akiwa ameshaanza kuimba. Aliyasema polepole, bila kutafuta upande mwingine wowote. Nikamweleza kwamba hata kwenye hesabu za nchi wanaokufa wana safu yao, hawaachwi. Nikachora safu, nikaandika wawili. Bibi akaiangalia ile namba kwa muda, akasema, "Ndaga fijo," yaani ahsante sana, akarudi jikoni.

Tukaendelea. Watoto walio hai tisa. Wajukuu thelathini na wanne. Vitukuu kumi na sita. Kulitokea mabishano kuhusu binti yao aliyeolewa upande wa pili wa mto Songwe, Malawi, kama watoto wake wahesabiwe huku au kule. Mzee akakata shauri: "Mtoto hawi mbuzi kwa kuvuka mto. Andika." Wakwe aliwakataa wote, akasema kila mmoja ahesabiwe kwao. Ukijumlisha na wao wenyewe wawili, jumla ikawa watu sitini na mmoja.

"Kwa hiyo," nikasema, na hapa ndipo nilipokosea, maana nilikuwa na njaa na nilitaka kumfurahisha, "mlianza wawili miaka hamsini na mitano iliyopita, leo mko sitini na mmoja. Kila mtu mmoja amekuwa thelathini na nusu. Mkiendelea kwa kasi hiyohiyo, miaka hamsini na mitano ijayo mtakuwa..." Nikapiga. "Elfu moja mia nane sitini na nusu."

Nilitegemea atacheka. Mzee alivua kofia.

"Nusu?"

"Hiyo nusu tunaiacha tu, Mzee. Ni hesabu."

"Hatuachi mtu," akasema Mzee. "Huyo nusu ni nani?"

Bibi akachungulia mlangoni. "Atakuwa mkwe wetu wa Mbugani," akasema. "Kwake anakula, na hapa anakula."

Mkwe wa Mbugani alikuwa na duka dogo la vipuri vya baiskeli pale mjini Kyela, na kweli alikuwa na kipaji cha kupita kuwasalimu wakwe zake muda ambao sufuria linaepuliwa. Bibi alicheka mpaka akaunguza dagaa wake wa usipa. Mzee hakucheka. Alikwenda kulala na ile namba.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa nafua nikamwona Mzee akipita na kamba, panga na kifurushi cha vijiti, akaelekea shambani kwake. Lilikuwa shamba la ekari mbili nyuma ya nyumba, kakao chini ya migomba. Baadaye akapita tena na kitanda cha kamba kichwani. Baadaye akapita na kigoda na ndoo. Nikamuuliza Bibi kuna nini.

"Anahama," akasema Bibi, akaendelea kupepeta mchele.

Nikaenda kuangalia. Mzee alikuwa amelala chali kwenye kile kitanda katikati ya mikakao, kofia usoni, ndani ya uzio wa vijiti vinne vilivyozungushiwa kamba. Pembeni kwenye upenyo wa nusu hatua kulikuwa na kigoda, na ndoo juu ya kigoda.

"Mzee, kulikoni?"

Akainua kofia. "Ekari moja ni hatua sabini kwa sabini. Ekari mbili ni hatua elfu tisa mia nane. Nimegawanya kwa watu wako. Kila mmoja anapata hatua mbili kwa mbili na nusu. Kinachobaki ni njia."

Nilipiga kichwani. Alikuwa sahihi kabisa. Nikajisikia fahari na aibu kwa pamoja.

"Nataka nijue wataishije," akasema. "Kitanda kimeingia. Kigoda kimeingia. Mke hajaingia. Na huu mkakao sijui ni wa nani, maana umesimama mlangoni."

Nilimwacha nikamalizie kufua. Sikufikiria kwamba shamba lile limepakana na njia ya kwenda kisimani. Mama mmoja jirani akapita na ndoo yake, akaona mzee mzima kalala porini na kitanda chake mchana kweupe, na ndoo ya kuogea pembeni. Hakuuliza. Aliharakisha. Ilipofika saa tisa alasiri akina mama watano walikuwa barazani kwetu na nyuso za msibani, na mmoja kaleta mkungu wa ndizi. Muda si muda akaingia mzee wa kanisa na baiskeli yake, Biblia imefungwa kwenye keria kwa mpira.

"Mama," akamwambia Bibi kwa upole, "mumeo yuko wapi?"

"Shambani. Kahamia."

"Umemwambia arudi?"

"Nimemwambia. Kakataa. Anasema kule ndiko kutakuwa kwetu."

Kila alichosema Bibi kilikuwa kweli, na kila neno liliongeza kesi. Akina mama wakaguna.

"Mama, sema tu. Umemkosea nini?"

Bibi akainamisha uso. Mimi nilidhani analia, kumbe anajizuia. "Nimemzalia watoto," akasema.

Mzee wa kanisa akanigeukia mimi, labda kwa kuwa ni mtu wa serikali. Nikaanza kueleza habari za kasi ya ongezeko la watu, nikaona macho yake yanahama kutoka kwangu kwenda kwenye vyumba vyangu viwili vya uani, akiwaza kivyake. Nikanyamaza mara moja. Tukafuatana wote kwenda shambani.

Tulipofika, mzee wa kanisa akaruka kamba akaingia kwenye kile kiwanja, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akamshika Mzee mkono. "Ndugu yangu," akasema, "miaka hamsini na mitano haitupwi kwa siku moja."

"Hamsini na mitano ndiyo iliyopita," akajibu Mzee. "Mimi naogopa hiyo hamsini na mitano ijayo."

Hapo mvua ikashuka. Mvua ya Kyela haitumi mjumbe. Tukakimbia wote isipokuwa wale wawili, waliobaki kwenye kitanda kimoja chini ya jani moja la mgomba. Nilisikia sauti ya Mzee nyuma yangu, juu ya kelele za mvua: "Toka, bwana! Unanijazia kiwanja! Humu mnakaa mtu mmoja!"

Jioni, baada ya chai na maelezo marefu, mzee wa kanisa alielewa kwamba ndoa ilikuwa salama. Ndizi zilibaki kwetu. Lakini Mzee alikuwa ameloa na kuthibitisha kwamba kiwanja hakitoshi, na akaanza kupiga simu. Aliwaita watoto wake wote na wajukuu wakubwa waje Jumamosi ya pili. Kwenye simu hakueleza jambo lenyewe, alisema tu, "Ni habari ya uzao," na kwa sababu hiyo walikuja karibu wote, wamevaa vizuri, wawili wamekuja na mashuka ya kulalia wakidhani kuna matanga. Yule wa Malawi alivuka na mumewe kupitia mpaka wa Njisi tangu alfajiri. Wa kwanza kufika alikuwa mkwe wa Mbugani.

Walikaa uani, wengine kwenye mikeka, wengine kwenye viti vya plastiki vilivyoazimwa kanisani. Mzee akasimama. Akaeleza vile viwanja. Akaeleza kitanda, kigoda na mkakao mlangoni. Akasema yeye kama baba hawezi kuwaachia watoto hatua mbili kwa mbili na nusu.

"Kwa hiyo kuanzia leo," akasema, "kuzaa kunasimama mpaka tuelewane."

Kisha mke wa kitinda mimba wake, aliyekuwa na ujauzito wa miezi minane na amekalishwa peke yake kwenye kiti chenye mto, akainua mkono.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Na huyu wangu, asimame wapi?"

Uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko. Bibi alilazimika kushikwa. Mzee akangoja watulie, akafikiri kwa dhati, akasema, "Huyo yuko njiani. Aliye njiani tunampokea." Sheria ikapata kipengele chake cha kwanza kabla haijamaliza dakika mbili.

Mtoto wao wa kwanza, bwana mmoja wa miaka hamsini na minne, fundi seremala kule Tukuyu, akauliza hizi namba zimetoka wapi. Mzee akaninyooshea kidole. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwangu na sahani ya wali, nikijifanya sehemu ya ukuta.

"Mwalimu," akasema yule fundi, "ni kweli tutakuwa elfu moja mia nane?"

"Sitini," akasema Mzee. "Na nusu."

Ikabidi niweke sahani chini. Nikaleta ile karatasi ya manila, nikaibandika kwenye mlango, nikafundisha. Sijawahi kupata darasa lililotulia vile, hata mkaguzi akiwepo. Nikawaambia niliharakisha. Kasi haikai palepale. "Mzee na Bibi walizaa kumi na mmoja, wakabaki na tisa. Nyie tisa mmezaa thelathini na wanne. Gawanyeni."

"Wanne wanne, karibu," akasema fundi.

"Wajukuu ambao tayari wana watoto ni kumi na mmoja, na watoto wao ni kumi na sita. Gawanyeni."

Wakahesabu kwa vidole. "Mmoja na kitu," akasema mtu. "Wachache."

"Mmeona? Watu wanaendelea kuongezeka, lakini mwendo wa kuongezeka unapungua. Ni kama bodaboda aliyeachia mafuta. Pikipiki bado inasonga mbele, lakini si kwa kasi ile. Hata nchi zinakwenda hivyo, nyingine zimeanza zamani, nyingine ndiyo kwanza zinaanza."

Nikaona mabega yanashuka, watu wanapumua. Ningekomea hapo, siku ile ingeisha vizuri. Lakini Mzee alikuwa na swali.

"Mwalimu, bodaboda akiachia mafuta kabisa?"

"Atasimama, Mzee."

"Na akisimama kwenye mlima?"

Mimi nikasema ukweli, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. "Anaweza kurudi nyuma. Zipo nchi ambazo watu wameanza kupungua."

Mzee akaketi. Akawatazama wajukuu wake mmoja mmoja, vijana wenye simu mikononi, na uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyefunga mlango wa mbele akagundua ng'ombe katorokea nyuma.

"Kwa hiyo mnataka tuishe," akasema.

"Babu, hakuna aliyesema..."

"Wewe!" Alikuwa anamwambia mjukuu wake wa kike, muuguzi wa miaka thelathini na mmoja aliyetoka Mbeya siku hiyo asubuhi. "Wewe umefikisha wangapi?"

"Sina mtoto, Babu."

"Hata mmoja?"

"Mimi ndiye ile nusu, Babu."

Bibi alipiga makofi. Mzee akasimama tena, akatangaza kwamba marufuku imefutwa. Ilikuwa imedumu muda wa kula sahani moja, na ninajua kwa sababu wali wangu ulikuwa bado una moto. Akaanza kuzunguka mikekani akiulizia mipango. Vijana wakakumbuka ghafla kwamba kuna maji ya kuchota, kuni za kupasua, viti vya kurudisha kanisani. Sijawahi kuona kazi za nyumba ile zikifanyika kwa haraka vile. Mkwe wa Mbugani pekee hakuhama, alikuwa anamalizia samaki wa mbasa aliyeletwa na yule fundi, na Mzee alipomfikia alimpita kimya.

Kisha akanijia mimi.

"Na wewe, Mwalimu? Unatufundisha watu, mwenyewe umechangia wangapi?"

Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na mitatu. "Mimi nahesabiwa Pangani, Mzee," nikasema.

"Analala hapa, anakula hapa," akasema Bibi bila kugeuka. "Andika hapa."

Nilicheka na wenzangu, lakini nilipoingia chumbani nilikaa kitandani muda kidogo. Nilikuwa mbali na kwetu mwaka wa tatu, na hakuna mtu aliyewahi kunigombania kwenye hesabu.

Mtoto aliyekuwa njiani alizaliwa wiki tatu baadaye, msichana, mzima, mwenye sauti kubwa. Lakini mama yake alijifungulia mbali, maana zahanati yetu haikuwa na chumba cha uzazi, na safari ile kwenye barabara ya matope ilimtisha Mzee kuliko namba zangu zote. Kwa hiyo ulipoitishwa mkutano wa kijiji kuhusu kujenga chumba hicho, alikaa mbele kabisa.

Mtendaji wa kijiji akasoma kwamba chumba kitakuwa na vitanda viwili. Mzee akasimama.

"Viwili vya leo au vya miaka thelathini ijayo?"

Mtendaji akasema vya leo.

"Miaka thelathini ijayo watajifungua wangapi hapa?"

"Wengi, Mzee."

"Wengi si namba," akasema Mzee, na nyuma yangu wanafunzi wangu wawili waliokuja na wazazi wao wakacheka, kwa sababu hayo nilikuwa nawaambia mimi kila siku. Alieleza kwamba watu wanaweza kuongezeka huku kasi inapungua, na kwamba kijiji kisipange kwa kuogopa wala kwa kulala. Alitumia hadi mfano wangu wa bodaboda. Mtendaji, ambaye alitaka mkutano uishe kabla ya mvua, akamweka kwenye kamati.

Chumba kikajengwa cha vitanda vinne. Wanakijiji walifyatua tofali, akina mama wakabeba mchanga, na Mzee akapima ukuta kwa hatua mara tatu mpaka mwashi akamwomba akae kivulini. Siku kilipofunguliwa hakuna aliyejifungua. Wala wiki iliyofuata. Watu wakaanza kumtania kwamba amejenga nyumba ya wageni. Kila asubuhi alipita na baiskeli kumuuliza muuguzi wa zahanati kama kuna mtu, na muuguzi akanifuata shuleni kuniomba nizungumze naye, kwa sababu sasa alikuwa anawasimamisha wajawazito njiani na kuwauliza tarehe.

Mwezi wa pili tangu kifunguliwe wakaja watatu siku moja, kabla ya saa sita mchana. Muuguzi alimtumia Mzee ujumbe kwamba vitanda vitatu vimejaa, na kwamba tafadhali asije, wako kwenye kazi. Mzee alinipa simu nimsomee. Nilimsomea yote, hadi ile tafadhali.

Akaniomba nirudie pale penye tatu. Nikarudia. Akavaa koti lake la Jumapili, akamwambia Bibi amtafutie viatu, akaenda.